Aliyepima presha ana ruhusa ya kufanya nini?

Fungua faili la mgonjwa aliyefia wodini siku moja au mbili baada ya upasuaji, halafu rudi nyuma kurasa chache, kabla ya pale mwandiko unapoanza kuwa wa haraka haraka. Mara nyingi utakuta maneno mawili yakijirudia kwa kalamu tofauti: "Anaendelea vizuri." Walioyaandika hawakusema uongo. Walimkuta amelala, akaamka akaomba maji, kidonda hakivuji, mtoto ananyonya. Ila pembeni mwa maneno hayo kuna tarakimu, na tarakimu zinasimulia habari nyingine.

Nitatunga chati moja tuwe na kitu cha kutazama. Mama amejifungua mtoto wa pili kwa upasuaji asubuhi, amerudishwa wodini mchana. Saa saba mapigo ya moyo ni 88, presha 118/74. Saa tisa alasiri mapigo 104, presha 114/76. Saa kumi na moja jioni mapigo 118, presha 108/78, na mkojo kwenye mfuko ni kidogo, rangi yake imekolea. Bandeji kavu. Damu ya ukeni si nyingi. "Anaendelea vizuri." Saa mbili usiku, zamu imeshabadilika, mapigo yamefika 132, presha 84/50, paji la uso limelowa jasho la baridi. Hapo ndipo mtu anakimbilia simu.

Tatizo lilianza saa ngapi? Wengi watajibu saa mbili usiku, presha iliposhuka. Mimi nasema lilikuwa limeshajionyesha saa tisa. Chukua mapigo uyagawe kwa presha ya juu, ile namba ya kwanza ya presha: saa saba unapata 0.75, saa tisa 0.91, saa kumi na moja 1.09. Kwa mama aliyetoka kujifungua, jibu likifika 0.9 ni onyo la kumsogelea, na likipita 1 hakuna cha kusubiri. Tazama pia pengo kati ya presha ya juu na ya chini: lilikuwa 44, likawa 38, likawa 30. Mishipa inajibana kuisaidia damu iliyobaki. Kila namba, ukiitazama peke yake, unaweza kuitetea. Zikipangwa pamoja zinapiga kelele, na kelele hizo zilidumu saa tano kabla ya mtu kuzisikia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mzazi kijana methali hiyo inakwama, kwa sababu mwili wake unajua kuyaficha mawingu. Wakati wa ujauzito ujazo wa damu huongezeka kwa takriban 40 hadi 50%, na ziada hiyo ndiyo inayomfanya apoteze lita nzima, wakati mwingine zaidi, presha ikiwa bado inapendeza kwenye karatasi. Presha ikianguka, akiba imekwisha. Anayengoja presha ishuke ndipo aamini kwamba mgonjwa anavuja damu anasoma sura ya mwisho ya kitabu akidhani ni ya kwanza. Na bandeji kavu isimfariji mtu: baada ya upasuaji damu inaweza kujikusanya tumboni bila tone moja kutoka nje. Tumbo hujaa, mama hulalamika bega linauma ilhali hakuguswa bega, na aliye zamu humpa dawa ya maumivu.

Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Jeffrey Silber, na wenzake walileta wazo ambalo kwa Kiswahili naliita kushindwa kuokoa. Usihesabu tu wagonjwa wangapi walipata matatizo, walisema. Hesabu katika waliopata, wangapi walikufa. Mwaka 2009 Amir Ghaferi na wenzake walilipima wazo hilo kwa wagonjwa zaidi ya 84,000 wa upasuaji wa Marekani, wakalinganisha hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache. Mtu angetarajia kwamba zile mbaya zina matatizo mengi zaidi. Haikuwa hivyo. Kiwango cha matatizo kilikaribiana: 24.6% upande mmoja, 26.9% upande wa pili. Tofauti ilikuja baada ya tatizo kubwa kutokea: kwenye hospitali mbaya walikufa 21.4% ya waliolipata, kwenye nzuri 12.5%.

Matokeo hayo yanaumiza, kwa sababu yanamwondolea daktari wa upasuaji kisingizio na sifa kwa pamoja. Damu itavuja, kidonda kitashika usaha, mshono wa utumbo utaachia, donge la damu litapanda mapafuni. Mikono yenye ustadi hupunguza, haifuti. Kinachobaki kutofautisha hospitali na hospitali ni yale yanayofanyika usiku wodini, mikononi mwa watu ambao majina yao hayapo kwenye ripoti ya upasuaji.

Hapa wasimamizi wengi wa afya hukimbilia jibu moja: tuongeze uangalizi. Chati mpya, alama za rangi, semina ya siku mbili. Siupingi uangalizi, ningekuwa mwendawazimu kuupinga. Lakini ushahidi tulio nao unasema jambo lisilopendeza kuhusu uangalizi unaosimama peke yake.

Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji barani walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo kabla ya kuingia thieta. Takriban 95 kati ya kila 100 ya vifo hivyo vilitokea baada ya upasuaji, si mezani. Kwa waliojifungua kwa upasuaji, vifo vilikuwa karibu 5 katika kila 1,000, takriban mara 50 ya nchi tajiri. Hitimisho lilionekana wazi: tuwaangalie kwa karibu wakishatoka thieta. Watafiti wale wale wakalijaribu wazo hilo katika hospitali zaidi ya 300. Mgonjwa mwenye hatari kubwa alilazwa karibu na meza ya wauguzi au kwenye wodi yenye uangalizi wa juu, alipimwa mara nyingi zaidi, ndugu aliruhusiwa kukaa naye, na mwongozo uliwekwa kando ya kitanda. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Vifo havikupungua.

Sasa weka pembeni yake utafiti mwingine, ule wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Chini ya mama uliwekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu ikawa inapimwa badala ya kukadiriwa kwa macho, maana macho yetu yana tabia ya kuipunja damu, hasa ikishaingia kwenye vitenge na pamba. Mstari ukifikiwa, mkunga huanza papo hapo, vyote kwa mkupuo: kuukanda mji wa mimba, oksitosini ya kuubana mji huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, kisha kuchunguza damu inatoka wapi na kuita msaada isipokoma. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huu, waliovuja damu walitambuliwa kwa 93%, dhidi ya 51% kwingine. Kuvuja damu kwa kiwango kikali, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, ukivijumlisha, vilipungua kwa 60%.

Kwa nini moja ulishindwa na mwingine ukafaulu? Zipo sababu za kiufundi, na si haki kulinganisha moja kwa moja, kwa kuwa damu ya uzazi ni tatizo moja lenye tiba inayojulikana, wakati upasuaji una matatizo kumi. Hata hivyo, naona tofauti moja imesimama juu ya nyingine zote. Kwenye utafiti wa pili, aliyeona ndiye aliyetibu. Namba ilipofika mahali fulani mkunga hakuhitaji ruhusa ya mtu. Dawa zilikuwa pale, utaratibu ulimruhusu, tena ulimlazimisha. Kwenye ule wa kwanza muuguzi aliongezewa macho. Mikono haikuongezwa. Alimwona mgonjwa akizama mara nyingi zaidi kwa siku.

Hiyo ndiyo sababu kila ninapoonyeshwa chati mpya ya tahadhari huwa nauliza swali moja: aliyepima presha ana ruhusa ya kufanya nini?

Muda ndio unaolipa swali hili uzito. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake wapatao 20,000 ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki huokoa maisha ya mama anayevuja damu akiipata ndani ya saa tatu, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban 10%. Hesabu sasa: muuguzi anapima, anasita, anampigia daktari, daktari yuko thieta, anarudi kupima tena "kuhakikisha", daktari anapokea, anasema anakuja, dawa iko stoo, mwenye ufunguo ametoka. Hakuna mzembe hata mmoja katika mlolongo huo, na saa mbili zimekwenda.

Kifafa cha mimba kinafuata njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2002 hatuna sababu ya kubishana: jaribio lililowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Na bado wapo wahudumu wanaoiogopa dawa hiyo kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu yao ina mizizi, kwa kuwa ikizidi huzuia pumzi. Lakini dalili za kuzidi kwake zinafuatiliwa kwa vitu ambavyo kila wodi inapaswa kuwa navyo: nyundo ya kugonga goti, saa ya kuhesabu pumzi, mfuko wa mkojo, na kalsiamu glukonati ikiwa tayari kama kiua sumu. Dozi ya kwanza aliyonayo mkunga mkononi ina thamani kuliko ushauri wa bingwa utakaopatikana kesho asubuhi.

Niseme neno kuhusu pumzi, kwa kuwa ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote na inayodharauliwa kuliko zote. Kasi ya kupumua hupanda mapema mtu anapopata maambukizi ya damu, anapovuja ndani, donge linapofika mapafuni. Haihitaji mashine, inahitaji dakika moja ya kumtazama mtu kifua bila kuzungumza naye. Pitia chati za wodi yenye shughuli nyingi uone: kitanda cha kwanza pumzi 20, cha pili 20, cha tatu 20. Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya. Ni namba iliyoandikwa ili kisanduku kisibaki wazi. Simlaumu aliyeiandika kabla sijajua alikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule. Linda Aiken na wenzake, katika utafiti wa hospitali za Pennsylvania uliotoka mwaka 2002, waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi mmoja hupandisha uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 kwa 7%. Mwenye wagonjwa wanane hahesabu pumzi. Anahesabu saa zilizobaki.

Turudi kwenye simu, maana hapo ndipo mengi hupotea. Isikilize:

"Haloo dokta, samahani kwa usumbufu. Ni yule mama wa kitanda cha nne, presha yake iko chini kidogo."

"Ongeza dripu, nitapita."

Dokta hakukosea sana. Alichoambiwa hakikumtoa alipokuwa. Kiswahili chetu kina adabu ya kupunguza makali ya habari mbaya: homa kidogo, damu kidogo, amechoka kidogo. Mbele ya mkubwa adabu hiyo huongezeka, na anayepiga simu huanza kwa kuomba radhi kana kwamba mgonjwa ni kosa lake. Linganisha na hii:

"Dokta, ni mama wa kitanda cha nne, wa upasuaji wa asubuhi. Mapigo yamepanda kutoka 88 mpaka 118 ndani ya saa nne, mkojo umepungua, tumbo linajaa. Nadhani anavuja damu ndani. Nimeshaweka dripu ya pili na damu ya kupimia kundi imekwenda maabara. Nahitaji uje sasa hivi. Ukishindwa, niambie nimwite nani."

Ni sekunde 20 tu. Hakuna utovu wa nidhamu ndani yake, ila kuna vitu vinne ambavyo simu ya kwanza haikuwa navyo: mwelekeo wa namba badala ya namba moja, dhana ya anayepiga, hatua alizokwisha kuchukua, na ombi lisiloweza kujibiwa kwa "nitapita". Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kutamka, na hakuna semina itakayoifundisha kama uongozi wa hospitali haujatangaza wazi, kwa maandishi, kwamba anayeita mara tatu bure hatafokewa.

Najua pingamizi, nami nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Tukimpa kila mtu kengele, kengele zitalia usiku kucha, na mwishowe hakuna atakayeamka. Lina ukweli. Jaribio la Australia la mwaka 2005 la timu za dharura za wodini, katika hospitali 23, liliongeza miito bila kupunguza vifo kwa namna ya kuonekana. Lakini ukilisoma vizuri unakuta kwamba wagonjwa wengi waliokuwa na vigezo vya kuitiwa timu hawakuitiwa hata kidogo. Kengele hazikuzidi. Zilikosekana pale zilipotakiwa, na nyingine zikalia mahali pasipo na moto. Dawa yake ni kuchagua namba chache na kuzipa nguvu ya amri, kisha kumwachia anayepima hatua za kwanza, ili simu ipigwe tiba ikiwa imeshaanza. Shirika la Afya Duniani limeelekea huko: miongozo ya mwaka 2025 haimtaki tena mkunga asubiri mililita 500. Mililita 300 zikiambatana na mapigo au presha isiyo ya kawaida zinatosha kuanza.

Kuna wodi nyingine inayosahaulika, nayo ni nyumba. Presha ya mama mwenye kifafa cha mimba au dalili zake hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati wengi wameshapewa ruhusa na kufungasha vitu vyao. Usaha wa kidonda nao hauna haraka. Siku ya tano, ya saba, na hata baada ya hapo. Anayeruhusiwa kwa maneno "ukiona tatizo urudi" ameambiwa maneno matupu, kwa sababu hajui tatizo linafananaje. Mwambie kuumwa kichwa kusikotulia kwa dawa na macho kuona nyota, arudi siku hiyo hiyo hata usiku. Pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, arudi. Uchafu wa uzazi kunuka, homa ya kutetemeka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi: arudi. Na yote hayo aambiwe na mtu aliyekaa chini, mbele ya yule atakayekuwa naye nyumbani, kwa kuwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini, huchanganyikiwa na si yeye atakayekumbuka.

Yule wa pembeni, ndugu, anastahili nafasi kubwa kuliko tunayompa. Yeye hana kipimo, ila anamjua mtu wake. Akisema "huyu leo si yeye", ametoa taarifa ya kitabibu. Uingereza imelazimika kuliandika jambo hili kwenye utaratibu baada ya kifo cha Martha Mills, binti wa miaka 13 aliyefariki kwa sepsisi mwaka 2021 baada ya kuumia kongosho. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao na hawakusikilizwa ipasavyo. Tangu mwaka 2024 hospitali za huko zilianza kuwapa wagonjwa na ndugu haki ya kuita timu nyingine imwangalie mgonjwa upya, bila kupitia kwa waliokataa kusikia. Wauguzi nao wana neno lao kama la ndugu: "Simwelewi huyu mgonjwa." Wakubwa hulicheka kwa sababu halina namba. Mimi ningeliwekea kisanduku chake kwenye chati, na kisanduku hicho kikitiwa alama, mgonjwa apimwe upya vyote, pumzi zikiwemo, na mtu mwingine.

Siku nikialikwa kukagua wodi, mashine za kupimia ningeziacha mpaka mwisho. Ningeomba kwanza chati kumi za jana nione kama wote walipumua mara 20. Ningetafuta ukutani jina na namba ya simu ya mtu wa pili wa kuitwa, wa kwanza akikwama thieta. Halafu ningerudi saa nane usiku bila kuaga, nimwombe mkunga aliye peke yake anionyeshe asidi ya traneksamiki na dozi ya kwanza ya magnesiamu, nami ningetazama saa yangu kuanzia pale anapoinuka kitini hadi kabati linapofunguka.